Mume wa nikah analala kwangu wikendi, sasa watu wa benefiti wanataka kunipigia simu

Shikamoo anti,

Naomba jina langu lisitoke. Mie ni mzaliwa wa Mombasa, huku Uingereza nina miaka sasa, naishi Northampton na wanangu wawili, mmoja yuko mwisho mwisho wa praimari na mdogo ndio kaanza skuli. Baba yao tuliachana zamani, yuko Kenya, hatumi kitu na mie simuulizi. Nafanya kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa, masaa machache kwa ajili ya watoto, kwa mwezi napata kama £700 na zinazopungua najaziwa na Universal Credit, ile posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na kodi ya flati wananisaidia humo humo. Flati ni ya shirika la nyumba, mkataba una jina langu peke yangu.

Mwaka jana nikapata mwenzangu, mtu wa Malindi, kaja na visa ya kazi, kea pia, yuko Coventry kapanga rumu kwenye nyumba ya watu wengi. Tulifunga nikah kwa shekhe, watu wachache tu, serikalini hatukwenda kuandikisha. Hatuishi pamoja anti, yeye ana kwake analipa kodi kila mwezi. Lakini huja Ijumaa akimaliza shifti anaondoka Jumapili usiku au Jumatatu alfajiri, na akipata ofu katikati ya wiki huja pia, na Ramadhani ndio alikaa karibu wiki mbili mfululizo maana alichukua likizo na watoto walifurahi sana kufuturu naye. Kanzu zake ziko kabatini kwangu, mswaki wake upo. Barua za benki na za simu huja kwangu kwa sababu kule kwake barua hupotea. Alafu hunitumia £150 kila mwezi, anasema mke hana budi kupewa matumizi hata kama hawakai nyumba moja.

Sasa kuna shoga yangu kaniambia sheria ni usiku tatu, mwanamme akilala kwako usiku tatu kwa wiki basi serikali inamhesabu wako na pesa zinakatwa, kwa hiyo nimwambie alale mbili tu. Mwengine kasema nifiche nguo zake na niseme sina mtu. Nikawa napuuza tu mpaka juzi jirani kaniuliza kwa tabasamu, mume wako kahamia? Na wiki hii nimeona meseji kwenye akaunti yangu ya Universal Credit, wanataka kunipigia Alhamisi ijayo, nitume stetimenti za benki za miezi minne na watauliza nani anaishi kwenye nyumba. Kodi ya kaunsili pia napunguziwa robo kwa kuwa ni mtu mzima peke yangu.

Anti silali. Naogopa flati, naogopa korti, naogopa visa yake iharibike kwa sababu yangu. Nimwambie asije mpaka yaishe? Niseme sina mtu? Na kama siku moja tukitaka kukaa pamoja kabisa itakuwaje?

Mama wawili, Northampton

*

Marahaba mwanangu,

Kwanza hiyo sheria ya usiku tatu haipo. Nimeisikia London, nimeisikia Leicester, nimeisikia kwenye harusi na kwenye matanga, kila mtu anaapa ipo na hakuna hata mmoja aliyewahi kunionyesha imeandikwa wapi. Haipo. Na ubaya wake unauma pande mbili, maana yupo anayemfukuza mwenzake usiku wa tatu bila sababu yoyote, na yupo anayelaza mtu usiku mbili kwa wiki akidhani amesalimika kumbe kila kitu kingine kinaonyesha wanaishi kama mke na mume. Mwanamme dereva wa masafa anaweza kulala nyumbani usiku mmoja kwa wiki na bado hapo ndipo kwake.

Wanachotazama ni kama nyinyi ni watu wa kaya moja, mnaishi pamoja kama mke na mume. Kuna kesi ya mwaka 1982, ya Crake, ndiyo iliyoweka mambo yanayopimwa mpaka leo: mnakaa nyumba moja kweli au kila mtu ana kwake, uhusiano umetulia kiasi gani, pesa zenu zimechanganyika vipi, mambo ya kitandani, watoto, na mnajitambulisha vipi mbele ya watu. Hakuna pointi moja inayomaliza kesi peke yake. Wanaziangalia zote kwa pamoja. Na hayo ya kitandani ukiulizwa hulazimiki kueleza, sema tu kwa adabu kwamba hilo hujibu.

Jambo moja la kukupa pumzi ni kwamba kwa sheria hii mtu hawezi kuwa wa kaya mbili kwa wakati mmoja. (Najua huko kwetu wapo wanaume watakaoshtuka kusikia hilo, lakini ndivyo.) Kwa hiyo swali lenu kubwa ni kwake ni wapi. Kama Coventry ana mkataba, analipa kodi ya rumu, nguo zake nyingi ziko huko, analala huko siku nyingi za kazi, anafua na kupika huko, basi una hoja nzuri kwamba yeye ni mgeni wako wa mara kwa mara na si mkaazi. Lakini kama ile rumu imebaki ya kuweka begi, anailipia kwa jina tu na maisha yake yote yako kwako, usijidanganye mwanangu. Hilo unalijua wewe na yeye, mie siwezi kuliona kutoka hapa.

Nikah sasa, maana najua ndiyo inakutia hofu na ndiyo wengi wanaielewa vibaya. Nikah ya nyumbani au msikitini isiyoandikishwa haihesabiwi ndoa kwa sheria ya Uingereza, mahakama ya rufaa ilishalisema hilo mwaka 2020. Watu wakisikia hivyo hufurahi, aah basi mie ni singo tu. Hapana! Wa benefiti hawatafuti cheti, mkiishi pamoja kama mke na mume mnahesabiwa wenza hata kama hamkusoma hata Fatiha. Na upande wa pili pia ni kweli, kuwa na nikah na mtu anayeishi kwake Coventry hakumfanyi awe wa kaya yako. Ila usiifiche. Ukiulizwa sema ndiyo, tuna nikah ya dini, haijaandikishwa, na yeye anaishi mahala fulani. Mtu akificha nikah alafu ikatoka kwa mdomo wa jirani, hata yale ya kweli aliyosema hayaaminiki tena.

£150. Kwetu mume asiyetoa matumizi ni aibu, huku stetimenti inaonyesha pesa inaingia kila mwezi kutoka kwa jina lile lile na mtu wa ofisini hajui matumizi ni nini, anaona mtu anakulisha. Wala si lazima iharibu kitu, kusaidiana pesa ni pointi moja kati ya zile, na mwanamme anaweza kumsaidia mwanamke asiyeishi naye. Lakini itaje mwenyewe kabla hawajauliza, eleza ni ya nini, uwaache wao waamue kama inahesabika au haihesabiki. Usimwambie aanze kukupa kashi mkononi. Hilo ndilo linalogeuza jambo la kawaida likanuka.

Barua zake ndizo zilizonikera zaidi kuliko kanzu. Anwani ni kitu kikubwa sana huku, benki inasema anaishi kwako, simu inasema anaishi kwako, na wewe unasema haishi kwako, sasa waamini lipi? Kama kweli anaishi Coventry basi anwani yake iwe Coventry kila mahali, benki, daktari, leseni, na mwajiri wake pia maana aliye na visa ya kazi mwajiri anatakiwa kuwa na anwani yake sahihi. Mwambie abadilishe, na Alhamisi ueleze kwamba zilikuwa zinakuja kwako na kwa nini, usijifanye hazikuwahi kuja. Na umuulize na wewe, kwa upole, mbona mwaka mzima hakupata namna ya kupokea barua kwake. Labda ni kweli zinapotea. Labda kuna jingine. Uliza tu.

Simu ya Alhamisi sasa. Usimfukuze asije, usifiche nguo, usiseme huna mtu. Huyo shoga wa kuficha nguo mpende lakini ushauri wake umrudishie. Kusema uongo pale ndiko kunakotoa jambo kwenye "tulielewa tofauti" na kulipeleka kwenye udanganyifu, na tofauti ya hayo mawili ni kubwa mno: ukizembea tu kutoa taarifa kuna faini ya £50 pamoja na kurudisha ulichozidishiwa, lakini wakiona ulidanganya kusudi wanaweza kukupeleka kortini, au wakupe adhabu ya nusu ya deni zima, haishuki £350 na haizidi £5,000, na deni lenyewe bado unalipa.

Kaa leo usiku uandike kwenye karatasi yale ya kweli, si ya kupendeza. Anakuja siku gani, Ramadhani alikaa muda gani na kwa nini, nani analipa umeme, nani ananunua chakula, watoto wanamwita nani, skuli wanamjua kama nani. Muombe yeye nakala ya mkataba wake wa rumu na uthibitisho kwamba analipa kodi huko. Tuma stetimenti kamili, usikate kurasa. Kama Alhamisi uko shifti waandikie kwenye akaunti yako uombe siku nyingine, usiache tu simu ilie, maana ukikosa bila kusema wanaweza kusimamisha malipo. Na ikitokea wakakuita kwa mahojiano yale ya kurekodiwa, ya kuambiwa una haki ya kunyamaza, hapo simama kwanza mwanangu, usiende peke yako, una haki ya kuwa na wakili. Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri, ni bure na wamezoea kesi hizi kuliko mie.

Wakiamua kwamba mlikuwa mkiishi pamoja na huoni hivyo, una mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi kuomba wautazame upya, wakikataa unakwenda kwenye baraza la rufaa. Watu wetu wanaipokea barua ya kahawia wanaitia droo, na mwezi unapita.

Umeuliza mkiishi pamoja itakuwaje. Nakupa hesabu ya viwango vya mwaka ulioanza Aprili 2025 (hubadilika kila Aprili). Ukiwa na watoto na unasaidiwa kodi, mwaka huo mshahara wa £411 wa kwanza ulikuwa hauguswi, unaozidi hapo kila pauni wanaondoa senti 55. Hiyo £411 wewe umeshaimaliza na £700 zako. Kwa hiyo yeye akihamia na mshahara wa tuseme £1,800 mkononi, zote zinaguswa, £1,800 mara senti 55 ni £990 kwa mwezi zinatoka kwenye Universal Credit yako. Wenza wa kawaida wangepandishiwa posho ya msingi, mwaka huo kutoka £400.14 mpaka £628.10, lakini mwenzako ana visa isiyomruhusu kugusa fedha za umma, kwa hiyo utaendelea kudai kama mtu mmoja, kwa posho ya mtu mmoja, huku mshahara wake unahesabiwa. Naam. Wanaweka pesa zake na yeye mwenyewe hawamweki. Wengi wanaumia hapo na hawakuambiwa mapema. Na akiba pia, yako na yake zikijumlishwa zikafika zaidi ya £16,000 inakatika yote, kati ya £6,000 na hapo inapunguzwa kidogo kidogo, kwa hiyo kama ana pesa anakusanya za kujenga Malindi mjue mapema.

Sasa pindua hiyo hesabu. Wakisema mliishi pamoja miezi kumi bila kusema, ni £990 mara kumi, karibu elfu kumi za kurudisha kidogo kidogo kila mwezi kwa miaka. Ndiyo maana nasema siku mtakayoamua kuishi pamoja mtoe taarifa siku hiyo hiyo. Yeye atakuwa hana tena kodi ya Coventry, hiyo nayo ni pesa, pigeni hesabu na kikokotoo cha mtandaoni cha shirika la hisani la Turn2us kabla hajabeba begi. Ongezeni na kodi ya kaunsili, lile punguzo la robo linakwisha akifanya kwako ndiyo makazi yake makuu, wikendi peke yake hailiondoi.

Visa yake. Wewe kupokea haki yako hakuvunji masharti yake, tatizo huwa pale unapolipwa zaidi kwa sababu yake, na kwa mfumo nilioueleza hulipwi zaidi. Hata hivyo kabla ya kuhama aongee na mshauri wa uhamiaji mwenye kibali, si jamaa wa WhatsApp.

Flati ndiyo naiona hofu yako kubwa lakini kwangu ndiyo ndogo. Mpangaji ana haki ya kuwa na wageni, na mume kulala wikendi si kupangisha. Kosa kubwa, ambalo tangu sheria ya 2013 linaweza kuwa jinai, ni kumpangishia mtu flati yote wewe ukahamia kwengine, na hilo hukufanya. Soma mkataba wako kipengele cha wanaokaa ndani, mashirika mengi yanataka uwaambie mtu akihamia na mengine yanataka uombe ruhusa kwanza, kwa hiyo siku hiyo ikifika waandikie. Lakini usikimbilie kumtia kwenye mkataba. Akishakuwa mpangaji pamoja nawe, deni la kodi lote linaweza kudaiwa kwako hata kama ni yeye aliyekosa kulipa, na kwenye mikataba ya kawaida ya wiki au mwezi mmoja wenu akitoa notisi inaweza kumaliza mkataba wa wote wawili. Yaani mkigombana yeye anaandika barua moja na wewe na watoto mnatafuta pa kwenda. Simsemi vibaya, simjui. Akae kama mkaazi, jina libaki lako, mpaka uone.

Na jirani muache na tabasamu lake, mjibu tu kwamba mume anakaa Coventry huja wikendi. Ndiyo jibu lile lile utakalowapa Alhamisi, kama ndivyo ilivyo. Wakikuletea barua ya uamuzi nipigie picha unitumie, ufunike jina na namba, na uache tarehe ionekane.